Mtoto Aliyefufuliwa Mapendo

Walinipigia simu kuniomba nikatoe ushuhuda. Mwinjilisti Zefania alikuwa amefariki, mwili uko mochwari Mwanza, na katibu wa kanisa lake, kijana ambaye mwaka ule wa Goma hakuwa hata amezaliwa, aliniambia kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi: "Mama Editha, tumekuwekea nafasi baada ya wasifu wa marehemu. Tunaambiwa wewe ndiye uliyemwona yule mtoto kwa macho yako. Utuelezee muujiza wa Goma." Nilimwuliza kama ana hakika anataka niueleze. Akasema ana hakika kabisa, waumini wanausubiri. Nikamwambia miguu yangu imevimba, safari siiwezi. Ukweli ni kwamba miguu yangu haina tatizo, asubuhi ile nilikuwa nimetoka kupalilia maharage. Sikwenda kwa sababu niliogopa kwamba nikisimama mbele ya jeneza lile nitacheka. Wenzangu husema marehemu hasemwi vibaya. Mimi naona marehemu asemwe alivyokuwa, na huyu nitamsema hapa, polepole, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, bila kinanda nyuma yangu.

Nilikuwa msichana niliyetoka shule juzi. Mwinjilisti alinichukua kwa ajili ya ulimi wangu. Kwetu Ngara tunasema Kihangaza, na Kihangaza na Kinyarwanda husikilizana kama ndugu waliotengana wangali wadogo. Kwa hiyo wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka wa Kongo na kujaza Goma na barabara yote ya Rutshuru mpaka Kibumba, Mwinjilisti alihitaji mtu wa kumtafsiria mahubiri. Kwa wenyeji alitumia Kiswahili. Tulifika na kwaya ndogo, vipaza sauti viwili na jenereta. Nakumbuka harufu kabla ya kukumbuka kitu kingine chochote: moshi wa kuni mbichi, chokaa, na ile harufu nyingine ambayo ukiisha kuijua huhitaji kuambiwa. Watu walikuwa wamelala kando ya barabara juu ya mawe meusi ya volkano, na si wote walikuwa wamelala. Mwinjilisti alishusha kioo cha gari, akatazama, akasema, "Mavuno ni mengi." Nilikuwa mdogo, nilidhani ni huruma.

Tulipanga vyumba mtaa wa Mapendo, kwa Mama Furaha. Alikuwa Mnande wa Butembo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, mwenye kuuza maharage na viazi alivyovifuata Kibumba kabla mashamba ya kule hayajageuka kambi. Mume wake alikuwa mfanyabiashara wa masafa marefu, na wakati ule njia zilikuwa zimemfungia Beni na mali yake. Nyumba ilikuwa ya mbao, kama nyumba nyingi za Goma, imesimamishwa juu ya jiwe la volkano ambalo huwezi kulichimba hata shimo la choo bila kutoa jasho la wiki. Kwenye sebule kulikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma kwa mkono, redio, na picha ya Bikira Maria katika fremu ya bluu. Siku ya kwanza tu Mwinjilisti alimwomba aiondoe, akisema hawezi kuomba mbele ya sanamu. Mama Furaha hakubishana. Aliitoa, akaipeleka chumbani kwake, akaitundika upande wa pili wa ukuta uleule, ubao mmoja tu kutoka kichwani kwa Mwinjilisti. "Anamuangalia vile vile," aliniambia jikoni, akigeuza fufu, ugali wao wa muhogo, kwa mwiko mrefu. "Yeye tu njo hajue." Nilicheka, na kuanzia siku ile nikawa mtu wa jikoni kuliko mtu wa kwaya.

Jiko lile nalijua hata leo kuliko jiko langu. Babula mbili, majiko yao ya makaa, sufuria ya sombe, kisamvu chao, iliyochemka tangu asubuhi mpaka majani yakapoteza ukaidi, sambaza wa kukaanga, dagaa wa ziwani, waliotapakaa kwenye sinia, na mtoto Furaha amekaa juu ya kidumu cha maji akiiba sambaza mmoja mmoja kwa mkia. Alikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, mwembamba, msemaji sana. Alinifundisha maneno ya kwao na kunicheka nilipoyakosea. Mdogo wake Kanyere alimfuata kila alikokwenda, ameshika ncha ya gauni lake. Jirani yetu, Mama Dévota, alikuja kila asubuhi na maziwa ya mgando. Yeye alikuwa mtu wa Rutshuru, msema Kinyarwanda, na wakati ule sokoni watu walishaanza kuulizana wewe ni wa wapi kabla ya kuulizana bei. Wao wawili hawakuulizana. Walikuwa wamezaa katika mwezi mmoja na kunyonyeshana watoto, na walipogombana waligombania kamba ya kuanikia nguo.

Kipindupindu hakikukaa kambini. Kilishuka mjini na maji ya ziwa ambayo kila mtu alichota, na siku moja kilimkuta Furaha. Tulimbeba mimi na mama yake hadi kwenye hema walilokuwa wamelisimamisha kando ya zahanati, na pale muuguzi mmoja, infirmier kama wanavyomwita kule, Papa Kambale, mwanamume aliyekuwa na macho mekundu kwa kutolala, alimtafuta mshipa kwa muda mrefu mpaka akaupata, akatundika chupa ya serumu, dripu ya maji ya chumvi. Jioni ile mtoto alilegea hivi kwamba mama yake alipiga yowe, na yowe lile lilifika Mapendo kabla yetu. Watu wakasema Furaha amekufa. Hakuwa amekufa. Kesho yake alifumbua macho, akasema anataka chai ya maziwa. Papa Kambale alitabasamu, nadhani kwa mara ya kwanza wiki ile, akamwambia mama yake: "Mama, mutoto anarudi. Lakini hii maji isikatike. Sikia vizuri: isikatike. Chupa ikiisha, tunatia ingine." Mama Furaha akaenda nyumbani kuoga na kuleta nguo safi. Akaniacha mimi na mtoto.

Ndipo Mwinjilisti alipoingia. Siku ile kulikuwa na mkutano kwenye kiwanja cha shule, jenereta lilishaanza kunguruma, na alikuwa amevaa suti yake ya rangi ya maziwa. Aliisikia habari ya kifo na sasa anamwona mtoto anatazama. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeokota kitu barabarani na hakuna aliyemwona. "Amefufuka," akasema. Nikamwambia hapana, Mwinjilisti, hakufa, ni serumu, muuguzi amesema isikatike. Akanitazama kwa upole. "Editha, imani haiwekwi kwenye chupa." Nilisimama kati yake na kitanda. Alinisogeza kwa mkono mmoja kama unavyosogeza pazia. Papa Kambale alikuwa upande wa pili wa hema, mikono yake ikimhudumia mgonjwa mwingine, akapiga kelele, "Wewe! Wewe, acha ile mutoto!" Lakini Mwinjilisti alikuwa ameshachomoa sindano kwa vidole vyake mwenyewe, na kumbeba, na damu kidogo ya mtoto ikadondoka kwenye mkono wa suti.

Nilikimbia nyuma yake mpaka kiwanjani nikimwita. Walikuwa wamemvisha Furaha gauni jeupe la mtoto wa kwaya. Alimwinua juu ya kichwa chake, katikati ya jua la mchana, mbele ya umati ambao ulisikia yowe la jana na sasa unamwona aliyeliliwa. Sijawahi kusikia watu wakipiga kelele vile. Mtu wa kwaya alipiga picha. Furaha alikuwa anasema kitu, na Mwinjilisti akamwekea kipaza sauti mdomoni, na tukasikia wote, sauti ndogo imekauka kama jani: "Maji." Mwinjilisti akalia machozi, machozi ya kweli, nilikuwa karibu, akapaza sauti: "Anaomba maji ya uzima!" Watu wakapiga magoti. Mama yake alifika akipasua umati kwa viwiko, kifurushi cha nguo safi bado kwapani, akampokonya, akakimbia naye kurudi hemani. Chupa nyingine zilikuwa zimeshapewa watoto wengine. Papa Kambale alitafuta mshipa, akatafuta, akatafuta. Furaha alikufa alfajiri, kengele ya misa ikilia.

Siku ya maziko Mwinjilisti alikuwa Kibumba anahubiri. Alihubiri juu ya mtoto wa Mapendo aliyefufuka. Nilikataa kumtafsiria, nikabaki Goma, na wiki ileile yeye na kwaya walifunga mizigo wakarudi nyumbani, wakiniacha kulinda vyombo na vyumba ambavyo kodi yake ilikuwa imelipwa. Waliniona kama mzigo mwingine wa kuachwa. Mimi niliona nimeokoka. Tulimzika Furaha kwenye makaburi ya njia ya Ndosho, na wanaume walitumia nyundo na mitaimbo kwa sababu ardhi ya pale ni jiwe. Ile sauti ya chuma juu ya jiwe, kila pigo, Mama Furaha alikuwa anaitikia kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayehesabiwa deni lake na anakubali. Walimzika na gauni jeupe. Hakukuwa na muda wa kumbadilisha, na mama yake hakuruhusu mtu mwingine amguse.

Sasa nikikaa naona jinsi hasira ilivyo na njia nyingi za kuishi ndani ya mtu. Yangu ilikuwa ya kelele; nilivunja vikombe, niligombana na wauza maji. Ya Mama Furaha ilikaa kama makaa chini ya jivu. Aliendelea kupika. Aliendelea kumsalimu kila mtu. Watu hawakuacha kumwita Mama Furaha, kwa sababu kwao mama haitwi upya, na kila mara jina lile lilipoitwa nje ya uzio niliona mkono wake unatulia kidogo juu ya chochote alichokuwa anafanya, kisha unaendelea. Mume wake alifika akiwa amepita njia za msituni, akaambiwa mlangoni. Alikaa uani mpaka jua likazama na viatu vyake miguuni. Alipoinuka alisema atamtafuta mtu huyo hata Tanzania, atamchinja. Mkewe akamwekea maji ya kuoga. "Ukimuchinja, atakuwa mutakatifu," alimwambia. "Batamujengea kanisa. Miye sitaki hivyo."

Miezi ilipita. Siku moja gari lilisimama mbele ya parseli, uzio wa nyumba yetu, na Mwinjilisti akashuka, amenenepa, viatu vyeusi vipya vya kung'aa, ameshika mkoba. Amewatangulia wageni wake, alisema. Wageni walikuwa njiani, maaskofu kutoka Dar es Salaam na wazungu wawili, mume na mke, waliokuwa tayari kumjengea chuo cha Biblia na kumnunulia magari. Aliniambia nirudi kazini. Kisha akatoa zawadi kwa mwenye nyumba: kalenda. Juu yake, kwa rangi, palikuwa na Furaha ameinuliwa angani katika gauni jeupe, mdomo wazi, na chini yake maneno makubwa ya dhahabu yasemayo kwamba mauti imeshindwa Goma. Nilitaka kumrukia. Mama Furaha aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa zawadi, akaitazama muda mrefu sana. Mtoto aliyekuwa anaomba maji pale alionekana kama anaimba.

Niliondoka kwenda chumbani, lakini nyumba ya mbao haina siri. Nilisikia kila neno.

"Mama," alianza Mwinjilisti, sauti ile ya asali, "Bwana alimtoa, Bwana akamtwaa tena. Kazi ya kwanza ilikuwa ya kweli kabisa. Lakini wageni wangu ni wachanga katika imani, hawataelewa habari ya kumtwaa tena. Wanataka kumwona mtoto."

Nikasikia karatasi ya kalenda ikichakarika.

"Una yule binti mwingine. Kimo kinalingana sasa. Ni kwa siku moja tu. Asimame, apungie watu mkono. Utakuwa umeisaidia injili katika nchi yako."

"Unataka Kanyere."

"Kwa saa chache, mama."

"Avae nini?"

"Lile gauni jeupe lingefaa, lile la kwenye picha. Kama bado lipo."

Niliweka sikio ukutani. Upande wa pili nikasikia kiti kikisogea, na sauti ya Mama Furaha ikiwa imetulia kabisa, karibu ya kirafiki. "Ile robe iko," akasema. "Ninajua kwenye iko. Ambia wageni yako bakuye. Nitabaonyesha mutoto."

Mwinjilisti alipoondoka nilitoka nikilia, nikamwambia hawezi, hawezi kumkodisha Kanyere kwa mtu yule. Alikuwa anatundika kalenda sebuleni, kwenye msumari wa Bikira Maria. Alinyoosha ukingo wake kwa kiganja. "Dada Edita, kwenda uniitie Mama Dévota," akasema. "Umwambie aache maziwa. Kuko kazi."

Siku zile wanawake walipita jikoni kwetu wawili wawili. Wanande walikuja, na wasema Kinyarwanda, na Wahunde wa sokoni, wengi wao wakiwa wamezika watoto mwaka uleule. Waliketi, wakanywa chai, Mama Furaha akawaambia jambo kwa sauti ya chini, wakaondoka bila kupiga soga. Sikuambiwa kila kitu. Niliambiwa tu: "Siku ile utatafsiri bien. Usiache hata neno."

Kiwanja cha shule kilijaa. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, mzungu mke akiwa ameshika mwavuli na kutabasamu kwa kila mtu. Mwinjilisti alihubiri vizuri; sitamnyima hilo, ulimi wake ulikuwa na mafuta. Alipofika kileleni alinyoosha mkono. "Na sasa macho yenu yaone! Mama, mlete mtoto!" Mama Furaha alipanda jukwaani peke yake, amevaa kitenge cheusi. Mwinjilisti alichungulia nyuma yake akimtafuta Kanyere. Kanyere tulikuwa tumemwacha kwa baba yake. Mama Furaha alichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake, naye akakiachia, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama.

"Batu banauliza mutoto iko wapi," alisema. "Iko hapa karibu. Anatungojea. Tuende tumuone."

Nilitafsiri. Wageni wakafurahi, wakasimama, wakafikiri wanapelekwa nyumbani kumwona akiwa na familia yake. Wanawake waliinuka kwa pamoja kutoka pande zote za kiwanja na kuanza wimbo, na msafara ukatoka. Mwinjilisti alicheka na kupunga mkono mpaka tulipopita njia ya Mapendo bila kukata kona. Hapo ndipo alipojua. Nilimwona akijua. Aligeuka kulitafuta gari lake, lakini Mama Dévota alikuwa ameshampitishia mkono kwenye kwapa, amemkumbatia kama bwana harusi, na upande wa pili mwanamke mwingine, na nyuma yao wengine wengi, wote wanaimba. "Twende, Mwinjilisti," Mama Dévota alimwambia. "Mutoto iko na hamu na weye."

Mlangoni mwa makaburi wimbo ulikatika. Askofu mmoja mzee aliniuliza hapa ni wapi. "Ndipo anapoishi mtoto," nikamjibu. Tulisimama mbele ya msalaba wa mbao na jina juu yake, juu ya mawe meusi yaliyopangwa na mama kwa mikono yake. Mzungu mke aliacha kutabasamu. Wanawake walikaa chini kuzunguka kaburi lile na makaburi ya jirani, kitenge kwa kitenge, hapakubaki nafasi ya mtu kupita.

"Ulimufufua mbele ya batu bote," alisema Mama Furaha. "Robe yenye uliomba, iko nayo huku chini. Wageni banamutafuta. Mufufue."

Mwinjilisti alianza kueleza. Mapenzi ya Bwana, imani changa, siri za ufalme. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, alikuta nyuso zilezile. Mama Furaha akasema, "Mufufue." Basi akafumba macho, nadhani kwa kutojua afanye nini, akanyoosha mikono juu ya mawe akaita jina la mtoto. Sauti yake ile ya jukwaani ilisikika ndogo sana mahali pale. Mama Furaha akasema, "Rudilia."

Akaita tena.

"Rudilia," wakasema wanawake, wote, bila kupaza sauti.

Alirudia. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka mlimani na mvua ikaanza, mvua ya Goma inayopiga kama imetumwa. Hakuna aliyeinuka. Wageni walisimama wameloa, na kila mara wanawake waliposema neno lile mimi nililitafsiri, polepole, kwa Kiingereza changu cha shule, nikiwatazama machoni. Sijawahi kutafsiri kwa utamu kama siku ile. Alijaribu kulia, wakamwambia arudie. Alijaribu kupiga magoti na kumwomba msamaha Mama Furaha, naye akamwambia hajamwita yeye, amwite mtoto. Sauti ilimkauka. Mwishowe alisimama pale mvua ikimtiririkia puani, akasema kitu ambacho hatukusikia.

"Sema kwa nguvu."

"Siwezi," alisema. "Siwezi kumfufua."

"Na ile siku?"

"Hakuwa amekufa."

"Sasa nani alimuua?"

Alimtazama askofu. Askofu alitazama pembeni. "Nilimtoa kwenye serumu," akasema Mwinjilisti. "Mimi. Kwa mkono wangu." Na nikatafsiri hilo pia, na nilipofika kwenye mkono nikanyoosha wa kwangu ili waelewe vizuri.

Mama Furaha aliinuka, akafuta mikono kwenye kitenge. "Vua viatu," akamwambia. "Uko unakanyaga mutoto yangu." Alivivua. Mama Dévota akaviokota, na wanawake wakafungua njia nyembamba. Mwinjilisti aliondoka na soksi juu ya mawe yale, na mtu asiyejua jiwe la Goma hajui lilivyo, lina meno. Alitembea kama anayecheza, akiinua mguu huu na ule, na hapo mwanamke mmoja akacheka, kisha mwingine, na kicheko kikamsindikiza mpaka barabarani. Wageni waliondoka kesho yake na gari lao bila yeye. Chuo cha Biblia hakikujengwa. Viatu Mama Dévota aliviuza Ndosho, akanunua samaki wakubwa, na tulipokuwa tunawala alisema vilikuwa vya ngozi nzuri kweli.

Usinitafutie hapa habari ya moyo uliopona. Nilimwuliza Mama Furaha jioni ile, mvua ikiwa imekatika na maji yanadondoka kwenye bati, kama roho yake imetulia. "Hapana," akasema. "Lakini leo niko na njaa." Alikula fufu na sombe, akaongeza, akaongeza tena, na mume wake akawa anamtazama tu kama mtu anayeona mgeni aliyempenda zamani. Mwaka uliofuata vita vilivunja kambi na kuutawanya mji. Mimi nilirudi Ngara, wao wakakimbilia Butembo, kisha wakarejea. Mwinjilisti naye alirudi kwao, akakaa kimya kwa muda, na baadaye, kwenye kanisa dogo ambako hakuna aliyeijua Goma, akaanza tena kusimulia. Uongo wake ulikuwa kama kwekwe: ulikatwa, ukabaki mzizi.

Kabla hajafa alinipigia simu yeye mwenyewe. Sauti ilikuwa imebaki pumzi. Figo zimekwisha, alisema, madaktari wamemwambia arudi nyumbani, na usiku halali. Aliomba namba ya Mama Furaha. Alitaka kumwomba msamaha, sasa kwa kweli, aende kwa amani. Nilimwambia nitamwuliza kwanza mwenye namba. Nikampigia Goma, tunaongea mara kwa mara, yeye sasa ni bibi wa watoto wa Kanyere na masikio yake yameanza kuchoka, ilinibidi nirudie mara mbili. Alipoelewa hakukawia hata kidogo.

"Umwambie nilikufa," akasema. "Akuye anifufue."

Nilimpigia Mwinjilisti nikamwambia. Sikulainisha, sikupunguza neno. Aliniuliza kama kweli alisema hivyo. Nikamwambia alisema hivyo, tena alikuwa anakunywa chai. Nilimsikia akihema, akahema, kisha binti yake akachukua simu na kuniuliza nimemwambia nini baba, mbona anageukia ukutani. Nikamjibu nimemletea salamu kutoka Goma.